Zhou Xingsi, Mpangaji wa Herufi Elfu Moja

Nataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja wa Uchina aliyefariki mwaka 521, maana yeye ndiye aliyenizuia nisiitupe kalamu. Nilipoanza kujifunza kuandika Kichina hapa Kasese, nilinakili kila herufi mara hamsini, na kulipokucha nilikuwa nimezisahau karibu zote. Lugha ile haiandikwi kwa a, e, i, o, u. Kila herufi ni neno au sehemu ya neno, ina mistari yake na utaratibu wake wa kuichora, na mtu asiyejua herufi elfu mbili au tatu hawezi kusoma gazeti. Nilikuwa karibu kuacha. Ndipo nikasoma habari za Zhou Xingsi.

Zhou alitoka Gushu, mji ulio karibu na mto Yangtze. Alipotimiza miaka 13 alikwenda Jiankang, mji mkuu wa siku zile, ambao leo huitwa Nanjing, akakaa huko akitafuta elimu kwa zaidi ya miaka kumi. Kijana wa Bwera aliyepata kupanda gari alfajiri kupitia Kikorongo kuja shuleni, sanduku mapajani, aweza kufahamu moyo wake ulivyokuwa. Husimuliwa kwamba safari moja, akitembea kwa miguu kutoka kwao, alilala katika nyumba ya wageni. Usiku mtu asiyemjua akamwambia kwamba elimu yake imepita ya wenziwe, na kwamba atatambuliwa kwanza na mkubwa mmoja, kisha na mfalme. Mtu yule akatoweka asionekane tena.

Mwaka 502 Mfalme Wu wa Liang alishika kiti cha enzi. Zhou akamtungia utungo mzuri juu ya amani, mfalme akapendezwa, akampa kazi. Baadaye mfalme aliletewa farasi ajuaye kucheza, na waandishi watatu wakaamriwa kutunga juu yake. Utungo wa Zhou ndio uliopendwa kuliko yote.

Basi mfalme alitaka wanawe wajifunze mwandiko bora. Zikachaguliwa herufi 1,000 kutoka maandishi ya Wang Xizhi, fundi mkuu wa mwandiko aliyeishi zaidi ya miaka mia kabla yao. Hakuna herufi iliyorudiwa, na kila moja ilinakiliwa katika karatasi yake peke yake. Lakini karatasi zile zilikuwa rundo tu, hazina mwanzo wala mwisho, na mtoto hawezi kukumbuka rundo. Mfalme akamwita Zhou, akamwamuru azipange ziwe shairi lenye maana na vina, kila herufi itumike, isirudiwe hata moja, wala isiongezwe nyingine.

Fikirini ugumu wake. Mtunzi wetu akikosa kina hutafuta neno jingine, lakini Zhou hakuwa na neno jingine. Lilikuwa fumbo la vipande elfu. Husimuliwa kwamba alilimaliza kwa usiku mmoja, na kulipopambazuka nywele zake zote zilikuwa nyeupe. Juu ya nywele mimi siapi, ila kazi yake ipo hadi leo, nayo ni mistari 250 yenye herufi nne nne. Yaanza kwa mbingu na ardhi, jua na mwezi, baridi na joto, kisha yaja kwa wafalme, adabu, mashamba na chakula. Mstari wa mwisho kabisa ni herufi nne za kuungia maneno, zisizo na maana kubwa zikisimama peke yake. Aliyepata kupanga fumbo atacheka, kwa kuwa vile vipande vigumu kupata mahali, Zhou alivipatia mahali pamoja.

Baada yake mtawa Zhiyong, wa ukoo wa Wang Xizhi, aliandika nakala 800 akazigawa katika mahekalu. Watoto wa Uchina walijifunzia shairi hilo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na likafika Korea na Japani. Kwa kuwa kila msomi alijua mpangilio wake, herufi zake zilitumika mahali pa tarakimu kutia alama vitabu na vyumba vya mitihani.

Lakini Zhou hakuwa na afya. Mikono yake yote miwili ilishikwa na vidonda, kisha ugonjwa mwingine ukampofusha jicho la kushoto. Mfalme alimshika mkono akamsikitikia, akamwandikia dawa kwa mkono wake mwenyewe. Mkubwa mmoja, Ren Fang, alikuwa akisema kwamba kama si maradhi, Zhou angepanda cheo upesi sana. Hata hivyo hakuiacha kazi ya kuandika, akarudi kuitumikia ikulu hadi mwisho wake.

Nilipokwisha kusoma hayo, nilikata kadibodi vipande vidogo, nikaandika herufi moja katika kila kipande, nikawaita wenzangu wawili wa Bwera. Sisi tulilelewa kwa vitendawili vya bibi zetu, basi tukavitega upya. Jua limekaa kando ya mwezi, ni nini? Mwangaza. Mtu ameegemea mti? Kupumzika. Miti mitatu pamoja? Msitu. Ateguaye lazima aiandike herufi bila kutazama, mstari kwa mstari, kwa utaratibu wake. Akikosea, kipande hurudi katika rundo. Kisha tunavipanga mpaka sentensi isomeke. Kwa njia hii nimeshika kwa muhula mmoja herufi nyingi kuliko nilizonakili mwaka mzima.

Ndugu zangu, somo likikushinda usilaumu kichwa chako upesi. Huenda ni rundo tu, linangoja mpangaji.