Fujita, mtu aliyesoma upepo kwenye miti iliyoanguka

Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa ilianguka ikijaribu kutua kwenye uwanja wa Ndjili, Kinshasa, katikati ya mvua kali. Watu 32 walipoteza maisha, mmoja tu akapona. Uchunguzi ulitaja upepo unaoporomoka ghafla kutoka mawinguni. Aliyeufahamisha ulimwengu upepo wa namna hiyo ni Tetsuya Fujita, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1920.

Mwaka 1945, akiwa mwalimu kijana, alikwenda Hiroshima na Nagasaki kuchunguza uharibifu wa mabomu ya atomiki. Aliona miti imelazwa kila upande kutoka sehemu moja, kama miale ya jua.

Mwaka 1974, akiwa profesa huko Chicago, Marekani, alipita kwa ndege juu ya maeneo yaliyoharibiwa na tornado, ule upepo mkali unaozunguka. Mahali pengine miti haikuonyesha mzunguko wowote: ilitawanyika kama ile ya Japani. Kumbe upepo ulishuka, ukagonga ardhi, ukasambaa.

Mwaka uliofuata ndege ilianguka New York, watu 113 wakafa. Fujita alisema ni upepo ule ule. Wataalamu wengi walimbishia, mpaka rada zilipouona karibu na Chicago mwaka 1978. Leo marubani wanafundishwa kuukwepa.

Alifariki Chicago mwaka 1998. Kipimo cha nguvu za tornado kinabeba jina lake, lakini tornado yenyewe aliiona kwa macho mara ya kwanza mwaka 1982, akiwa na miaka 61.