Hannah Ryggen: Mfumaji aliyeitetea Ethiopia kwa nyuzi za sufu

MAJESHI ya Benito Mussolini yalipoivamia Ethiopia mnamo Oktoba 1935, mwanamke mmoja mkulima katika pwani ya Norway aliketi penye kitanda chake cha kufumia na kuanza kuijibu dhuluma hiyo kwa nyuzi. Mwanamke huyo ni Hannah Ryggen.

Alizaliwa Machi 21, 1894 mjini Malmö, Uswidi. Alisomea ualimu, kisha akajifunza uchoraji kwa miaka sita. Mwaka 1922, akiwa safarini mjini Dresden, Ujerumani, alikutana na Hans Ryggen, mchoraji kutoka Norway. Walioana mwaka 1923, na mwaka uliofuata wakahamia shamba dogo huko Ørlandet.

Hapo Hannah aliiweka kando brashi. Mumewe alimtengenezea kitanda cha kufumia, naye akawa anasokota sufu ya kondoo wao na kuitia rangi kwa mimea aliyochuma mwenyewe. Buluu yake mashuhuri ilihitaji mkojo uliochachushwa, na wageni waliombwa kuchangia. Hakutanguliza mchoro wa kufuatiza. Picha ilitoka akilini moja kwa moja hadi kwenye mtande na mshindio.

Mwaka 1933 alifuma zulia la ukutani linaloonyesha wavuvi na wakulima wakizama katika bahari ya madeni. Mvuvi wa Sori, kando ya Ziwa Victoria, aliyewahi kununua nyavu kwa mkopo, angeielewa kazi hiyo bila mkalimani.

Kisha ikaja "Etiopia", yenye upana unaokaribia mita nne. Ndani yake yumo Maliki Haile Selassie, na pembeni shujaa Mwafrika ametunga kichwa cha Mussolini kwa mkuki. Kazi hiyo ilipopelekwa katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1937, sehemu yenye kichwa hicho ilifichwa ili Italia isiudhike. Hannah hakunyamaza. Aliendelea kufuma dhidi ya Hitler, hata Wajerumani walipoikalia Norway kuanzia mwaka 1940 na kuweka kambi jirani na shamba lake. Mwaka 1944 mumewe alikamatwa na kufungwa katika kambi ya Grini.

Baada ya vita, taifa lilimpa ukuta wake. Mwaka 1958 zulia lake "Tunaishi Juu ya Nyota", lenye kimo cha mita nne, lilitundikwa katika jengo kuu la serikali mjini Oslo: mwanamume na mwanamke wamekumbatiana, wamezungukwa na anga ya buluu. Ufumaji uliodhaniwa kuwa pambo la nyumbani ukawa sasa unawapokea mawaziri na wananchi kazini. Mwaka 1964 aliiwakilisha Norway katika maonyesho ya sanaa ya Venice.

Alifariki dunia Februari 2, 1970 mjini Trondheim, akiwa na umri wa miaka 75.

Julai 22, 2011, gaidi wa mrengo mkali wa kulia alilipua bomu nje ya jengo hilo la Oslo na kuua watu wanane. Zulia la Hannah liliraruka upande wa chini. Mafundi walilishona, lakini kovu liliachwa lionekane. Nayo "Etiopia" imehifadhiwa Trondheim, mkuki na kichwa vikiwa wazi kwa kila mtazamaji.