Kapiteni Joubert, Mlinzi wa Mpala

Wakristu wapendwa, katika furaha hii ya Yubilei yatupasa kuwakumbuka wale waliolima shamba la Bwana kabla yetu. Wengi wao walikuwa mapadri, mabruda na masista. Lakini mmoja wao hakuwa na daraja wala nadhiri. Alikuwa mlei, mume na baba wa watoto, na kazi aliyojifunza tangu ujana ilikuwa uaskari. Jina lake ni Léopold Louis Joubert, ajulikanaye pwani yote ya Marungu kwa jina la Kapiteni.

Alizaliwa Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa, tarehe 22 ya mwezi wa pili, mwaka wa 1842. Alipopata miaka kumi na minane alijiunga na vijana wa mataifa mbalimbali waliokwenda Roma kumlinda Baba Mtakatifu Pius wa Tisa. Katika mwaka ule ule wa 1860 alipigana vita vya Castelfidardo. Akadumu katika jeshi hilo la Mazuavu, akapandishwa cheo hata kuwa kapiteni, mpaka mwaka wa 1870, Roma ilipotwaliwa na jeshi la Italia. Hapo akarudi kwao, askari asiye na mfalme wa kumtumikia.

Wakati huo inchi yetu ilikuwa katika kilio. Wafanyabiashara wa pembe na watumwa walikuwa wamekwisha kuvuka ziwa kutoka Ujiji, wakashuka pwani ya magharibi, wakapenya mpaka Manyema. Soko kuu la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, lakini huku bara uwindaji wa watu uliendelea. Vijiji vilichomwa moto alfajiri. Wanaume waliosimama kujitetea waliuawa. Wanawake na watoto walifungwa minyororo, na wengine walitiwa kongwa shingoni. Wala tusiseme kwamba waovu wote walitoka ng'ambo. Baadhi ya masultani wa inchi hii waliwauza watu wao wenyewe, ili wapate nguo, baruti na bunduki.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, aliona kwamba wamisionari wake hawawezi kukaa katika hatari ile pasipo mlinzi. Akawaomba wale waliokuwa askari wa Papa wawasindikize. Joubert aliitika, akaondoka pamoja na msafara wa mwaka wa 1880. Hatari haikuwa maneno matupu. Tarehe 4 ya mwezi wa tano, mwaka wa 1881, Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop, aliyekuwa naye askari wa Papa, waliuawa kule Rumonge, pwani ya Burundi, kwa sababu ya ugomvi juu ya mtoto mmoja. Joubert alijua basi tangu mwanzo bei ya kazi aliyoikubali.

Kusini mwa Kalemie, mto Lufuko unapoingia ziwani, ndipo ilipo Mpala. Boma lake lilijengwa mwaka wa 1883 na Storms, afisa wa Ubeleji. Storms naye alisema kwamba amekuja kukomesha utumwa. Lakini mwaka wa 1884 watu wake walimuua sultani Lusinga, na fuvu la kichwa chake likachukuliwa Ulaya, likahifadhiwa huko Bruseli. Jambo hili halifai kufichwa. Latuonyesha jinsi ilivyo rahisi kwa mtu mwenye bunduki kutenda maovu hali akisema anapigana na maovu. Mwaka wa 1885 Storms aliondoka, na Mapadri Weupe wakakabidhiwa Mpala.

Joubert, aliyekuwa amerudi Ulaya kwa muda mfupi, alifika Mpala katika mwezi wa tatu wa mwaka 1887. Hakuja na jeshi kubwa. Aliwakusanya vijana wa inchi, akawafundisha kushika bunduki, kulinda zamu usiku, na kuvumilia bila kuvunja safu. Watu waliokimbia wawindaji walipata kimbilio nyuma yao, na vijiji vikaanza kujengwa tena karibu na misioni. Baadaye Kapiteni aliweka makao yake katika inchi ya Mrumbi, mahali palipoitwa Saint-Louis. Huko alikuwa mlinzi na mwamuzi wa mashauri, tena alifundisha katekisimu. Sisi makatekista tunaweza kumhesabu kuwa mmoja wetu.

Mwaka wa 1888 mambo mawili yalitokea, moja mbele ya macho ya dunia, jingine kimyakimya. Huko Ulaya Kardinali Lavigerie alizunguka Parisi, London na Bruseli akieleza mateso ya watumwa, na vyama vya kupinga utumwa vikaanzishwa. Na hapa Mpala, Joubert alifunga ndoa takatifu na Agnes Atakaye, binti wa Afrika. Wazungu wengi wa siku zile waliishi na wanawake wa Afrika kwa siri, kisha wakawaacha. Yeye alimpeleka Agnes mbele ya altare. Kwa tendo hilo alikiri kwamba watu aliowalinda walikuwa sawa naye.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Rumaliza, mkubwa wa Ujiji, alitaka kuitawala pwani yote, na boma za misioni zilimzuilia njia. Baruti ilikuwa haba, na msaada wa Ulaya ulichukua miezi mingi kufika. Mwaka wa 1891 chama cha Ubeleji cha kupinga utumwa kilimtuma Kapiteni Jacques. Mwishoni mwa mwaka ule Jacques alianzisha boma la Albertville, ndilo asili ya mji wetu wa Kalemie. Mwaka wa 1892 watu wa Rumaliza walilizingira boma hilo. Joubert na Jacques walisaidiana, na pwani haikuanguka. Mwanzoni mwa mwaka 1894 Rumaliza alishindwa na majeshi ya Dola la Kongo, akakimbilia ng'ambo ya ziwa.

Je, hapo uhuru ulifika? Tuseme kweli. Dola hilo hilo lililowashinda wafanyabiashara wa watumwa lilileta kongwa lingine: kazi ya nguvu, mpira na kiboko. Hata waliokombolewa na misioni walikaa chini ya amri kali. Mara nyingi wengine waliwachagulia mahali pa kukaa na kazi ya kufanya. Kumtoa mtu katika mnyororo ni kazi ya siku moja. Kumwacha awe bwana wa maisha yake ni kazi ndefu zaidi.

Ndiyo maana sifa kubwa ya Joubert haiko katika bunduki yake. Vita vilipokwisha, maofisa walirudi kwao wakapewa nishani na heshima. Yeye alibaki. Aliwalea watoto wake hapa, akazeeka hapa, akafa Misembe, karibu na Moba, tarehe 27 ya mwezi wa tano, mwaka wa 1927. Tangu kufika kwake Mpala ilikuwa imepita miaka arobaini.

Na mti hutambulikana kwa matunda yake. Mwanawe Albert, aliyezaliwa Saint-Louis ya Mrumbi mwaka wa 1908, alipata upadri. Wakati wa maasi ya Wasimba, tarehe 28 ya mwezi wa kumi na moja, mwaka wa 1964, aliuawa kule Fizi pamoja na Padri Giovanni Didonè. Siku ile ile Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Tarehe 18 ya mwezi wa nane, mwaka wa 2024, wote wanne walitangazwa wenye heri huko Uvira. Baba aliwalinda watu kwa silaha. Mwana hakuwa na silaha yoyote, naye hakuliacha kundi lake. Damu ya Ufaransa na damu ya Agnes Atakaye zilimwagika pamoja katika udongo wa Kongo.

Wakristu wapendwa, hata leo katika inchi yetu kuna watoto waliotekwa na vikundi vya silaha, na wengine wanaochimba madini badala ya kwenda shule. Kongwa limebadili sura tu. Yubilei hii isiwe ya nyimbo na karamu peke yake. Kila mmoja wetu atazame jirani yake ni nani aliyefungwa, naye akae karibu naye mpaka awe huru kweli. Mungu awapumzishe kwa amani Kapiteni Joubert na bibi yake Agnes, na Mwenye Heri Albert atuombee.