Jimmie Rodgers, mwana wa reli aliyeimba kwa kifua kibovu

Mwaka 1950, huko Kapkatet upande wa Kericho, wasichana wa Kikipsigis walikusanyika mbele ya chombo cha kunasia sauti cha Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akikusanya nyimbo za wenyeji. Huku kinubi cha kwao kiitwacho chepkong kikiwafuata, wakaimba wimbo wa kumwita kiumbe mmoja aje acheze nao. Kiumbe huyo jina lake Chemirocha. Tracey alieleza kwamba wasichana walimdhania kuwa nusu mtu na nusu paa.

Huyo Chemirocha, ndugu msomaji, si jini wala si zimwi. Ni Jimmie Rodgers, mzungu wa Marekani, mfanyakazi wa reli, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka 17. Santuri zake zilifika bara ya Kenya mikononi mwa Wazungu, zikapigwa kwa gramafoni mbele ya watu wasioelewa hata neno moja la maneno yake, na jina lake likaingia katika ulimi wa Kikipsigis likatoka jingine.

Nami nakiri kwamba nilipousikia wimbo huo mara ya kwanza sikuwa na haki ya kuwacheka wasichana wale. Mimi jina la Rodgers nililijua kwa Kenny Rogers, yule mwenye ndevu nyeupe ambaye nyimbo zake zilijaa redioni nilipokuwa kijana. Hawa wawili hawana udugu, na hata herufi za majina yao si sawa. Nikaanza kumtafuta huyu wa kwanza, nikazisikiliza santuri zake moja baada ya nyingine, na tangu hapo hajaniondoka.

James Charles Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, upande wa Meridian katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa huku na huku kwa jamaa. Baba yake, Aaron, alikuwa msimamizi wa kikosi cha kutengeneza njia ya reli, na kazi ya namna hiyo humtoa mtu nyumbani siku nyingi. Mtoto asiye na mama na ambaye baba yake yuko safarini, mlezi wake ni barabara. Alipofikia miaka 13 hivi alikwisha kutoroka nyumbani kufuata michezo ya kuzunguka mijini, na baba yake akenda kumrudisha.

Baba akaona heri amweke karibu, akampa kazi ya kuwapelekea maji wafanyakazi wa njia. Hapo ndipo ilipokuwa shule yake. Wengi wa wafanyakazi hao walikuwa watu weusi, wajukuu wa watumwa, nao walipokuwa wakiisukuma reli kwa mitaimbo ikae sawa walikuwa wakiimba ili mikono yote ivute kwa pamoja, mfano wa mabaharia wetu walipokuwa wakipandisha foromali ya jahazi. Yule mtoto alikaa na ndoo yake akisikiliza. Kwao alipata nyimbo, na kwao alianza kushika banjo na gitaa. Na hiyo banjo yenyewe asili yake ni Afrika ya Magharibi. Watumwa ndio walioivusha bahari, ikiwa katika kumbukumbu za mikono yao. Majina ya walimu wake hao sikuyakuta popote. Yeye akawa maarufu, wao wakabaki na mitaimbo yao.

Alipokuwa mtu mzima akawa mfunga breki wa treni za mizigo. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya hatari: mtu hutembea juu ya mabehewa, treni ikienda, mvua ikinyesha, akizungusha magurudumu ya breki. Alioa mapema, ndoa ikavunjika. Kisha mwaka 1920 akamwoa Carrie Williamson, binti wa mhubiri, na huyu ndiye aliyekuwa naye mpaka mwisho. Walipata mabinti wawili. Mdogo, June, alifariki mwaka 1923 akiwa bado mchanga. Mwaka uliofuata, Rodgers akiwa na miaka 27, daktari akamwambia ana kifua kikuu.

Vijana wa leo hawajui neno hilo lilikuwa na uzito gani. Dawa ya kwanza iliyoweza kumpiga mdudu wa kifua kikuu, streptomycin, ilipatikana mwaka 1943. Kabla ya hapo mgonjwa aliagizwa apumzike, ale vizuri na akae penye hewa safi, basi. Mtu wa reli mwenye mke na mtoto atapumzika kwa chakula cha nani? Kazi ya mabehewa ikamshinda, akabaki na gitaa. Yaani Mola alimjaalia riziki yake iwe katika pumzi, na pumzi ndiyo iliyokuwa ikiliwa na ugonjwa.

Mwanzoni mwa 1927 alihamia Asheville, katika milima ya North Carolina, kwa ajili ya hewa. Huko akaimba redioni pamoja na kikundi cha vijana. Mwezi wa Julai mwaka huo zikaja habari kwamba Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor amefika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, anatafuta waimbaji wa milimani. Rodgers na wenzake wakaenda. Wakagombana juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri, wenzake wakajitenga, naye akaingia peke yake tarehe 4 Agosti 1927, akaimba nyimbo mbili na kulipwa dola 100. Siku chache kabla yake, katika chumba hicho hicho, ilikuwa imeimba jamaa ya Carter, A. P. na mkewe Sara na Maybelle. Wamarekani huzihesabu siku hizo za Bristol kuwa ndizo chimbuko la muziki wao wa kantri katika santuri, na sioni kosa katika hesabu hiyo.

Santuri ya kwanza haikutikisa dunia. Lakini Rodgers hakuwa mtu wa kungoja aitwe, na nadhani mgonjwa wa aina yake hana wakati wa kungoja. Novemba akafunga safari mwenyewe mpaka New York, akajitambulisha kwa Peer kwamba yupo tayari. Tarehe 30 Novemba 1927, mjini Camden, akaimba ule ulioitwa Blue Yodel, nao ukauzwa kwa wingi uliowashangaza hata wenye kampuni. Baadaye alitunga na kuimba ndugu za wimbo huo, zote pamoja zikawa 13.

Hapa ruhusa nisimame kidogo, kwani mimi ni mtu wa vina na mizani. Umbo la nyimbo hizo ni bluzi ya watu weusi: mshororo wa kwanza huimbwa, hurudiwa, kisha wa tatu huja kujibu na kufunga ubeti kwa kina kile kile. Mwenye kujua kazi ya utunzi ataona faida ya kurudia: mwimbaji hupata nafasi ya kuliwaza jibu, na msikilizaji hukaa na hamu. Mwishoni mwa ubeti Rodgers hutia kitu kisichokuwamo kwa wale wa reli, nacho ni sauti inayokatika ghafula kutoka kifuani ikaruka juu puani na kurudi, kama walivyokuwa wakiitana wachungaji wa milima ya Ulaya. Si kigelegele, kwani kigelegele ni cha ulimi. Hii ni ya koo. Katika furaha huwa mzaha, na katika majonzi huwa kama kilio kilichojificha. Wasichana wa Kapkatet waliposikia sauti ile ikiruka hivyo na kurudi, sishangai wakadhani mwenyewe ana miguu ya paa.

Jambo moja silipendi. Bwana Rodgers hakujua kusoma noti za muziki, na Peer alitaka nyimbo mpya kila mara, kwa sababu nyimbo mpya ndizo zilizomletea Peer mwenyewe haki ya utungaji. Basi aliyekuwa akisaidia kutunga ni shemeji yake, Elsie McWilliams, mwalimu wa muziki wa Meridian. Alishiriki katika nyimbo zaidi ya 30, na nyingine hazikubeba jina lake. Mwenyewe aliridhia, kwa kuwa alitaka kumsaidia mume wa dada yake mgonjwa. Lakini sisi watunzi wa pwani tumezoea kuweka jina katika beti za tamati, tukitaja na mji na pengine na mtaa, na kwa hiyo jambo hilo hunikaa kooni. Hali kadhalika mwaka 1930, mjini Hollywood, alirekodi wimbo mmoja, tarumbeta ikipigwa na Louis Armstrong na piano na mkewe, Lil. Mzungu na weusi kuketi pamoja mbele ya chombo kimoja lilikuwa jambo adimu huko Marekani. Karatasi ya santuri haikumtaja Armstrong.

Fedha zikaja. Mwaka 1929 alicheza katika filamu fupi akiwa na nguo zake za reli, na mwaka huo huo akajenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, ambako hewa ni kavu na wagonjwa wa kifua walikuwa wakikimbilia. Fedha zikenda pia. Ulipoingia mdororo mkubwa wa uchumi, watu waliokosa mkate hawakununua santuri, na madaktari hawakupunguza ada. Nyumba ikabidi iuzwe, wakahamia San Antonio katika makao ya kawaida. Hata hivyo mapema 1931 alizunguka na mchekeshaji Will Rogers (huyu naye si ndugu yake) wakichangisha fedha kwa ajili ya waliopigwa na ukame. Mwaka huo pia alitoa TB Blues, wimbo ambamo alilitaja waziwazi gonjwa lake na kaburi linalomngoja. Wakati huo maradhi hayo yalikuwa aibu, watu wakiyanong'ona tu ndani ya nyumba, kama ilivyokuwa kwetu. Naona huo ndio ushujaa wake mkubwa kuliko wote.

Nilisomea chuoni mbele ya mwalimu mwenye bakora, na alilolishikilia sana ni pumzi: wapi pa kuvuta, wapi pa kutua, wapi ukikata umeharibu maana. Sisemi kwamba kisomo na gitaa ni mamoja, hasha. Lakini sikio lililofunzwa hivyo haliachi tena kusikiliza. Katika santuri zake za mwanzo Rodgers anaachia mshororo kama mtu anayetupa mshipi baharini. Katika zile za 1933 namsikia anauchunga, anautua mapema kidogo.

Mwezi wa Mei mwaka huo alikwenda New York kwa mara ya mwisho, akiwa na muuguzi. Alitaka kuacha nyimbo za kutosha ili Carrie na binti yao, Anita, wapate cha kuishi. Kampuni ilimwekea kitanda humo humo mahali pa kurekodia; akimaliza wimbo hulala, akipata nguvu huinuka. Alianza tarehe 17, ikabidi apumzike siku kadhaa katikati, akarudi tarehe 24. Siku hiyo alikuwa na wapiga gitaa wa kumsaidia, lakini wimbo wa mwisho aliuimba peke yake na gitaa lake, kama alivyoanza Bristol. Tarehe 26 Mei 1933, katika chumba cha hoteli, damu ilimfurika kifuani akafa. Alikuwa na miaka 35. Katika muda usiotimia miaka sita alikuwa amerekodi nyimbo zaidi ya 100. Maiti yake ilirudishwa Meridian kwa treni.

Waliomfuata ni wengi. Bill Monroe wa Kentucky, ambaye kikundi chake ndicho kilichoupa jina muziki wa blugrasi, aliuchukua wimbo wa Rodgers uitwao Mule Skinner Blues, akautia mbio, na kwa wimbo huo akajitambulisha mwaka 1939 katika matangazo ya Grand Ole Opry huko Nashville. Mwaka 1961 jumba la heshima la muziki wa kantri lilipochagua watu wake wa kwanza, Rodgers alikuwa mmoja wa watatu. Mwaka 1969 Merle Haggard, ambaye baba yake naye alikuwa mtu wa reli, alitoa santuri mbili katika jalada moja, zote za nyimbo za Rodgers, iitwayo Same Train, a Different Time. Anayetaka kumjua marehemu bila ya mikwaruzo ya santuri za kale aanzie hapo, kisha arudi kwa mwenyewe.

Na kule Kapkatet? Sauti alizozinasa Tracey zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini. Katika miaka ya 2010 watu wa maktaba hiyo, pamoja na wenzao wa Nairobi, walizirudisha kwa Wakipsigis wenyewe. Aliyeongoza wale wasichana aliitwa Chemutoi Ketienya. Tracey, sifa yake, aliliandika jina. Baadhi ya waliokuwa vijana mwaka 1950 walikutwa wangali hai, wakawekewa rekodi hizo, wakazisikiliza wakiwa wazee.