Wangila, Bondia Aliyewapumzisha Waamuzi

Msomaji, ukipita Makina kule Kibera wakati wa jioni, au Kawangware penye vibanda vya vinyozi, hukosi kuwasikia vijana wakibishana juu ya ndondi. Bondia aliyepanda uzani ahesabiwe vipi? Na waamuzi wakigawanyika, nani mshindi hasa? Ubishi wa namna hiyo haukawii kufika kwa hayati Robert Wangila Napunyi.

Wangila alizaliwa Nairobi mwezi wa Septemba 1967. Mwaka 1987, Michezo ya Afrika ilipofanyika hapa hapa Nairobi, alitwaa dhahabu katika uzani wa welta, ambao kwa ndondi za ridhaa siku hizo mwisho wake ulikuwa kilo 67. Mwaka uliofuata akaenda Olimpiki ya Seoul.

Huko, nusu fainali aliipata bila kurusha konde, kwa kuwa Jan Dydak wa Poland aliumia asiweze kupanda ulingoni. Wenye midomo wangeweza kusema amebebwa na bahati. Lakini katika fainali alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, na raundi ya pili haikwisha: Mfaransa chini, hesabu ikamalizika. Wangila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuiletea nchi ya Afrika dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Mpaka leo Kenya haijapata dhahabu nyingine ya Olimpiki nje ya riadha.

Na ilikuwa heri kwamba hakungoja karatasi za waamuzi! Katika michezo hiyo hiyo, uzani mmoja juu yake, Mmarekani Roy Jones alimtandika Park Si-Hun wa Korea raundi zote tatu, kisha waamuzi watatu kati ya watano wakampa Mkorea ushindi. Jones akapozwa kwa tuzo ya bondia hodari wa mashindano. Sisi dawa hiyo tuliionja zamani: Philip Waruinge alipewa tuzo hiyo hiyo Mexico mwaka 1968, na shingoni amevaa shaba.

Baada ya Seoul, Wangila aliingia ndondi za kulipwa Marekani. Alishinda mapigano 22, lakini mkanda wa dunia hakuupata. Usiku wa Julai 22, 1994, huko Las Vegas, alipambana na David Gonzales. Raundi ya tisa refa Joe Cortez akasimamisha pigano. Wangila alikataa katakata. Aliona kwamba bado anaweza. Pengine hakuna uamuzi alioupinga kwa nguvu kama huo, na refa ndiye aliyekuwa na haki. Katika chumba cha kubadilishia nguo alizimia, na siku mbili baadaye akafariki, umri wake miaka 26.

Boudouani naye alipanda uzani. Mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia wa welta ya juu, mkanda wa WBA. Hapo ndipo vijana wa Kawangware huanza ubishi upya.