Harold E. Palmer na Ufundishaji wa Vitenzi vya Kiingereza

Tunapowatembelea wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, jambo moja hujirudia mara nyingi. Ubaoni vimeandikwa vitenzi vya Kiingereza katika safu tatu, nalo darasa zima linaimba kwa sauti moja: go, went, gone, write, wrote, written. Nidhamu ni nzuri na mwalimu ameridhika. Lakini mtoto mmoja akiulizwa kwa Kiingereza jana alikwenda wapi, hujibu: Yesterday I go to the shop. Mtoto huyo hakushindwa kujifunza. Alijifunza kuimba safu, kwa kuwa ndicho alichofundishwa. Pengo hili lililoko kati ya safu za ubaoni na usemi wa kinywani lilimshughulisha mtu mmoja maisha yake yote ya ualimu, nasi twaona inafaa mwalimu mtarajiwa aijue habari yake.

Harold Edward Palmer alizaliwa London mwaka 1877, akakulia Hythe, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Kent, Uingereza. Baba yake aliwahi kuwa mwalimu wa shule, kisha akamiliki duka la karatasi na gazeti la mji, na kijana Harold alifanya kazi katika gazeti hilo. Hakupata kusoma chuo kikuu. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu wako walimu wanaodhani kwamba fikra mpya juu ya ufundishaji hutoka kwa wenye shahada peke yao. Palmer alizipata fikra zake darasani, mbele ya wanafunzi.

Mwaka 1902 alikwenda Verviers, mji wa viwanda vya sufu nchini Ubelgiji, akafundisha Kiingereza katika shule iliyofuata njia ya Berlitz. Katika njia hiyo mwalimu hutumia lugha inayofundishwa tu. Huonyesha vitu na vitendo, wala hatafsiri. Palmer aliiona nguvu ya njia hiyo, lakini hakuifuata kama sheria isiyovunjwa. Katika maandishi yake ya baadaye alikubali kwamba neno moja la lugha ya mtoto, likitumiwa kwa kiasi, laweza kuokoa dakika kumi za kuhangaika kwa ishara. Baada ya muda mfupi alifungua shule yake mwenyewe mjini humo, na huko ndiko alikoanza kujaribu njia zake.

Mojawapo ilikuwa jedwali la kubadilishia maneno. Tuchukue mfano wetu wenyewe, wa wakati uliopita. Safu ya kwanza ina I, You, She, They. Safu ya pili ina bought, carried, washed, lost, found. Safu ya tatu ina majina sita ya vitu: the cup, the plate, the basket, the spoon, the knife, the bag. Mtoto huchagua neno moja katika kila safu na kuunda sentensi. Maneno hayo 15 huzaa sentensi 120, na zote ni sahihi, kwa sababu katika wakati huo kitenzi hakibadiliki kwa kufuata nafsi. Hapa mtoto hakariri went peke yake kama jina la mtu asiyemjua, bali hukutana na kitenzi mahali pake, kikiwa na mtendaji mbele na kitendwa nyuma.

Mwalimu wa Afrika Mashariki ana faida ambayo Palmer hakuwa nayo Ubelgiji. Kitenzi cha Kiswahili chenyewe ni jedwali la namna hiyo. Katika anasoma, alisoma, amesoma, atasoma, ni kiungo kimoja tu kinachobadilika, na vilivyobaki hutulia mahali pake. Mtoto wetu amelitumia jedwali hilo tangu alipoanza kusema. Anapokuja kwenye Kiingereza hashangazwi na wazo la wakati, maana analo. Kinachomkwaza ni kwamba Kiingereza hakina kiungo cha kupachika katikati ya neno. Ama kitenzi chenyewe hugeuka, ama huitwa kitenzi kingine kije kisaidie. Mwalimu akilijua hilo hatapoteza muda kueleza wakati uliopita ni nini. Muda huo atautumia kulizoeza umbo.

Mwaka 1914 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ubelgiji. Palmer alilazimika kuikimbia nchi hiyo pamoja na familia yake, na shule aliyoijenga kwa miaka zaidi ya kumi ikawa imekwisha. Alirudi Uingereza akiwa na umri wa karibu miaka arobaini, bila shule na bila shahada. Alichokuwa nacho ni ujuzi wake. Daniel Jones, mtaalamu wa matamshi katika Chuo Kikuu cha London, alikuwa akiijua kazi yake, na mwaka 1915 alimwita atoe mihadhara chuoni hapo. Kutokana na kazi hiyo vilitoka vitabu vyake vya kwanza vikubwa: kitabu cha majedwali 100 mwaka 1916, na kile cha uchunguzi wa kisayansi wa ufundishaji wa lugha mwaka 1917. Mwaka 1921 alitoa kitabu cha kanuni za kujifunza lugha, ambamo alieleza kanuni tisa. Miongoni mwake ni kujenga mazoea, usahihi tangu mwanzo, kupanga mambo kwa ngazi, kutumia mifano inayoonekana, na kuivuta hamu ya mwanafunzi.

Mwaka 1922 Palmer aliitwa Japani awe mshauri wa Wizara ya Elimu katika ufundishaji wa Kiingereza, na mwaka 1923 ilianzishwa Tokyo taasisi ya uchunguzi wa ufundishaji huo, naye akawa mkurugenzi wake hadi 1936. Huko alikabiliwa na hali ambayo walimu wetu wanaijua vema: madarasa makubwa, walimu wasiopata nafasi ya kukizungumza Kiingereza, na juu ya yote mtihani. Mitihani ya kuingia shule za juu ilidai kutafsiri maandishi magumu. Mwalimu aliyetumia kipindi kwa mazungumzo aliogopa kwamba wanafunzi wake wangeanguka. Hofu hiyo haikuwa ya bure, na Palmer hakuidharau. Kadiri miaka ilivyopita alitilia mkazo zaidi kusoma, akatayarisha vitabu vyepesi vilivyopangwa kwa ngazi, ili msingi wa usemi uongoze kwenye kusoma. Wako walimu wa Kijapani waliofanikiwa kuiingiza njia yake katika shule za kawaida. Lakini mtihani ulibaki na nguvu yake, na hakuishinda.

Katika miaka hiyo ya Japani alifanya jambo lenye manufaa makubwa kwa somo la nyakati za vitenzi. Alikusanya pamoja maumbo 24 ya vitenzi visaidizi, tangu am, is, are, was, were, have, has, had, do, does, did, hadi will, can, must na wenzao, akaonyesha kwamba hayo ndiyo yanayobeba kukanusha na kuuliza katika Kiingereza. Mtoto anayeyamiliki maumbo hayo machache ana ufunguo wa maelfu ya sentensi. Asiyeyamiliki, hata akijua vitenzi mia tano, atabaki akisema: He not come.

Njia nyingine ya Palmer ni mazoezi ya amri na vitendo. Mwalimu huamuru, mtoto hutenda, kisha kitendo husemwa. Kwa kufuata mfano huo mwanachuo anaweza kufundisha nyakati tatu kwa mlango mmoja. Mtoto anaposimama kuuendea mlango, darasa husema: She is going to open the door. Mkono ukiwa kwenye komeo: She is opening the door. Mlango ukiwa wazi: She has opened the door. Hapana haja ya kueleza kanuni, kwa maana macho yameshaieleza.

Hapo hapo kauli ya kutendwa huingia bila kishindo. Mtoto akiisha kurudi kitini, mwalimu auonyeshe mlango na kusema: The door has been opened. Kiswahili hutia w mwishoni mwa kitenzi tu, fungua ikawa funguliwa. Kiingereza hudai vitu viwili kwa pamoja: umbo la be linalobeba wakati, na umbo la tatu la kitenzi. Mtoto husahau kimoja, na ndiyo sababu twasikia: The cup was break. Tena mwalimu asiwalazimishe watoto kuzigeuza sentensi zote, hata wakasema embe lililiwa nami. Kauli hii hutumika vema pale mtendaji asipojulikana au asipokuwa na maana: dirisha lilivunjwa usiku, shule ilijengwa zamani. Mwalimu aanze na sentensi za namna hiyo, zenye sababu ya kusemwa.

Mwaka 1934 Palmer alishiriki New York katika mkutano wa wataalamu, akiwamo Michael West, juu ya kuchagua maneno ya kufundishwa kwanza. Mwaka 1936 alirudi Uingereza. Kazi aliyoianza Tokyo iliendelezwa na A. S. Hornby, ambaye kamusi yake ya wanaojifunza Kiingereza ilitolewa Japani mwaka 1942, kisha ikaenea duniani. Palmer alifariki mwezi Novemba 1949.

Baada ya kifo chake mazoezi ya kurudiarudia yalienea mahali pengi, na pengine yakageuka kuwa wimbo mpya badala ya ule wa zamani. Mwaka 1959 Noam Chomsky aliishambulia vikali nadharia inayoifanya lugha kuwa mazoea matupu, na katika hilo alikuwa na haki. Mtoto huunda sentensi ambazo hajapata kuzisikia. Jedwali likisomwa bila maana halina ubora kuliko safu tatu za ubaoni. Mtoto aweza kutamka sentensi zote 120 bila kujua kikombe kilipotelea wapi.

Hivyo basi, tusilichukue jedwali la Palmer na kuiacha akili iliyolizaa. Mwanachuo akimaliza zoezi la jedwali, afute ubao na amuulize mtoto jambo moja la kweli: jana ulinunua nini, nani alikutuma, chakula kilipikwa saa ngapi. Mtoto akijibu kwa kitenzi kilichosimama mahali pake, somo limefika. Asipojibu, tusimlaumu yeye. Turudi kwenye maandalio ya somo, tutazame ni wapi tulipomfundisha kuimba tukidhani tunamfundisha kusema.