Lambert: Mkuu wa Wilaya aliyewasikiliza wazee wa Njuri, akawasahau wanawake

H. E. Lambert hakupelekwa Embu na Meru kufanya utafiti. Alipelekwa kutawala. Katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa Mkuu wa Wilaya katika sehemu hizo, mwenye mamlaka juu ya kodi na kesi. Hata hivyo, mwanafunzi wa leo anayejifunza utafiti wa kuhoji na kushuhudia, ule usiotegemea takwimu, ana mengi ya kujifunza kwake, mazuri na machungu.

Serikali ya kikoloni ilitegemea machifu iliowateua yenyewe. Lambert alitambua kuwa Wameru walikuwa na baraza lao, Njuri Ncheke, la wazee walioteuliwa na kufungwa kwa kiapo. Aliketi na wazee, akasikiliza jinsi kesi za ardhi na mahari zilivyoamuliwa, kisha akalipa baraza hilo nafasi katika utawala. Matokeo ya kazi hiyo yalionekana katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu taasisi za kijamii na kisiasa. Jina la kitabu lilitaja Wakikuyu peke yao, ingawa ndani mlijaa habari za Embu, Mbeere na Meru. Kasoro ambayo si ndogo.

Kasoro kubwa zaidi ilihusu wasichana. Lambert aliamini kuwa mimba nyingi ziliharibiwa kwa sababu mila haikuruhusu msichana ambaye hajatahiriwa kuzaa. Akayahimiza mabaraza yateremshe umri wa tohara hadi kabla ya kubalehe. Ushauri ulitoka hasa kwa wazee wa kiume, na maneno yao yakawa amri ya serikali. Huko Meru wasichana walikusanywa na kutahiriwa kwa pamoja mbele ya polisi. Ni vigumu kuamini kwamba mzee yeyote angemjibu kwa uhuru kamili mtu mwenye ufunguo wa jela.

Baadaye Lambert aligeukia pwani. Bila mamlaka ya kuhukumu, alisikiliza lahaja za Kiswahili, na tafiti zake kuhusu Kivumba, Kichifundi, Kijomvu na Kingare zikachapishwa mwaka 1957 na 1958. Alifariki katika miaka ya 1960, na wanaisimu wa Kiswahili wangali wanazirejelea.